Visahani Vimekataa

"Zimeshika?"

Mdogo wa mshonaji aliuliza hivyo kila asubuhi, na karibu kila asubuhi alimuuliza mtu asiyejua. Alishamuuliza mlinzi, akamuuliza mfagiaji, na siku hiyo alimdaka mkono Mama Mkwe pale mlangoni, hata hajabadili viatu.

"Shangazi, zimeshika?"

"Mimi nafungasha visahani tu, mwanangu. Ya ndani wanayajua wenye darubini."

"Lakini nyuso zao unaziona."

Na kweli, nyuso Mama Mkwe alikuwa ameziona. Jana jioni Miwani, yule binti anayekuza seli, alitoka chumba cha joto akiwa amejishika kiuno kwa mikono miwili kama aliyemaliza kulima, akampita bila kumtania. Na Miwani kupita bila utani si jambo dogo. Kila siku walipokutana kwenye kidirisha cha kupitishia pakiti, Mama Mkwe alimwambia "Kitendawili!" na binti, hata mikono ikiwa imejaa, alijibu "Tega!"

Maabara yenyewe ilikuwa nyuma ya hospitali, jengo la ghorofa moja lenye korido ndefu na viti vya plastiki vya kusubiria. Kazi yake ilikuwa kuwakuzia ngozi watu walioungua. Mshonaji alilipukiwa na mtungi wa gesi. Mikono yote miwili na kifua vikabaki nyama tupu. Daktari alimkata pajani kipande cha ngozi kinachotosha kufunika kucha ya dole gumba, kikaletwa maabara, seli zake zikatenganishwa na kumwagwa kwenye visahani vya plastiki ili zishike, zitandae na kuongezeka mpaka ziwe ngozi ya kumfunika. Mara ya kwanza seli zilikataa kushika. Zilielea kwenye maji yake kama majani ya chai, zikafa. Wakamkata tena. Mara ya pili, vivyo hivyo.

"Mapaja yake ndiyo yamebaki mazima," alisema mdogo mtu, akiuachia mkono wa Mama Mkwe taratibu. "Sasa nayo yanaliwa."

*

Huyu Mama Mkwe alikuwa mama mkwe wa mtu mmoja tu, naye ni fundi wa mashine humo maabara, mume wa binti yake. Yeye ndiye aliyemwombea kazi ya kufungasha, miezi mitatu iliyopita. Kwa kuwa Fundi alimwita "Mama" mbele za watu, na watu wakauliza mama yupi, jina likamganda. Hata mlinzi, mzee wa ndevu nyeupe ambaye kwa umri angeweza kumposa, naye alimwita Mama Mkwe.

Siku ya kwanza Fundi alimweleza kazi akiwa amesimama hatua tatu mbali, macho sakafuni, kama inavyompasa mtu na mkwewe.

"Plastiki, Mama, ikitoka kiwandani haipendi maji. Ukiidondoshea tone, tone linajikunja, linakuwa duara. Na seli ni watu wa majimaji. Ukizimwaga juu ya plastiki ya namna hiyo, zinakaa kama mgeni aliyenyimwa kiti. Sasa hii mashine yangu inanyonya hewa, inawasha umeme, ndani unaona mwanga wa zambarau. Ule mwanga unaupiga uso wa kisahani, uso unabadilika. Ukidondosha tone linatandaa lote. Seli nazo zinatandika mikeka."

"Na kwa macho?"

"Kwa macho hakuna tofauti. Ndiyo maana usiguse ndani kwa kidole. Kidole kina mafuta. Ukigusa, umeua."

Mama Mkwe hakugusa. Alifika darasa la saba tu, lakini la kuambiwa alilishika. Alivaa glavu, akakamata visahani kwa ukingo, akafunika, akavipanga kumi kumi kwenye mfuko, akaufunga kwa pasi ya moto na kuupeleka kidirishani, ukaenda kuuliwa vijidudu. Kwa miezi mitatu hakuna kidole chake kilichogusa ndani ya kisahani. Hilo angeliapa.

*

Saa nne Daktari Mkuu aliwaita wote kwenye korido. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya chini, na watu walimwogopa zaidi kwa hiyo sauti.

"Nimejaribu mabaki ya seli zile zile, matone machache yasiyoweza kumfunika mgonjwa, kwenye visahani vya kununua, vichache tulivyobaki navyo. Zimeshika. Kwa hiyo seli nzima, chakula chake kizima, Miwani mzima. Visahani vyetu, hivi vya karibuni, ndivyo vimekataa." Akamgeukia Fundi. "Unaiwasha mashine kwa dakika zote?"

"Zote, Daktari. Na kila trei nachukua kisahani kimoja, nadondosha maji. Yanatandaa. Nimeandika kitabuni."

"Tone lako liseme kweli, seli za mgonjwa ziseme uongo?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Fundi alikaza macho kwenye vidole vya viatu vyake.

"Unaharakisha ili uwahi nyumbani," alisema Daktari Mkuu. "Nyumba yenyewe iko hapo nyuma ya ukuta. Tumekupa ya kazini ili usiwe na haraka."

Kisha wakapekua. Chumba cha kufungashia kilipekuliwa mpaka chini ya meza. Daktari Mkuu alimwambia Mama Mkwe anyooshe mikono, akaigeuza, akainusa mbele ya watu, kiganja na kiganja, kama anayenusa samaki sokoni. Haikuwa na mafuta. Mlinzi akaambiwa amwage mkoba wake. Mzee wa watu alitoa kimoja kimoja kwa aibu, akivipanga mezani: kitana, chupa ya maji, tembe za kichwa, kitambaa cheupe kilichokunjwa, leso ya kufungia vichenji. Wote wakavitazama. Wote wakakiona kitambaa, na hakuna aliyekiona.

"Mama yuko safi," alisema Daktari Mkuu. "Fundi, toa funguo. Alhamisi saa nne utakuja ofisini ujieleze. Ukishindwa, utarudisha na za nyumba."

*

Nyumbani, binti yake Mama Mkwe alikuwa ameshika ufagio kama mtu anayesubiri nyoka.

"Eti umefukuzwa?"

"Nimepumzishwa," alisema Fundi.

"Kupumzishwa ndiyo kufukuzwa kwa wenye suti! Na mama yangu wamemnusa? Wamemnusa kama nani?"

"Wameninusa mikono tu, punguza sauti," alisema Mama Mkwe. "Afadhali nilikuwa nimeoga."

Binti hakucheka. Aliingia ndani kuhesabu kwa sauti vitu ambavyo havingeingia kwenye chumba kimoja cha kupanga: kitanda, kabati, cherehani yake, mama yake. Hicho cha mwisho alikitaja kwa bahati mbaya.

Fundi alikaa kwenye meza ya jikoni, jua la mchana likipita dirishani. Kabla ya kutoa funguo alikuwa ameomba avae koti lake, na ndani ya koti akatoka na vitu viwili: kisahani kimoja alichokitoa kwenye mashine kwa mkono wake asubuhi hiyo, na mfuko mmoja uliofungwa, wa trei hiyo hiyo. Aliviweka mezani. Akachota maji kwa kijiko.

Mama Mkwe alikuwa anaosha vyombo, akamwona kwa pembeni.

Tone la kwanza, kwenye kisahani kilichotoka mashineni, lilitandaa hapo hapo, likawa jembamba mpaka ukalipoteza. Fundi akachana mfuko, akatoa kisahani kingine, akakidondoshea. Tone likajikusanya. Likasimama duara katikati, likang'aa, akainamisha kisahani nalo likateleza kama shanga.

Alichukua cha pili mfukoni. Duara. Cha tatu. Duara. Mpaka cha kumi.

Kisha akakaa, viganja juu ya magoti. Kutoka mashineni mpaka mfukoni kulikuwa na chumba kimoja. Kwenye chumba hicho kulikuwa na mtu mmoja. Na mtu huyo alikuwa nyuma yake, mikono ndani ya povu, amemzaa mke wake.

"Umeona nini, baba?" Mama Mkwe aliuliza.

"Sijaona kitu, Mama."

"Matone yamefanyaje?"

"Labda mifuko. Labda mifuko ina ubaya wake." Alisema hivyo akitazama ukuta. "Nitawaambia huenda ni mifuko."

"Mifuko hii si ile ile ya mwaka jana?"

Fundi aliinuka, akavikusanya visahani kwa upole, akavitia kwenye pipa la taka na kulifunika, kama mtu anayefukia alichokiona. Kisha akatoka nje kwenda kutengeneza bawaba ya mlango ambayo ilikuwa nzima.

*

Mama Mkwe aliosha sahani ya mwisho. Mkono wake ukaenda wenyewe begani, ukatwaa kitambaa, ukaifuta ile sahani, mbele na nyuma na mbele tena, ukaiweka kabatini.

Hapo ndipo aliposimama.

Miaka hamsini na minne, hajawahi kumpa mtu chombo bila kukifuta. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajajua kuhesabu: chombo chenye maji mgongoni ni chombo cha mtu mvivu, na chombo chenye vumbi ni matusi. Wiki tatu za kwanza kazini hakufuta kitu, alifanya kama alivyoambiwa. Kisha siku moja Daktari Mkuu alipita, akainua kisahani kimoja akakiangalia kwenye mwanga, akasema, "Hivi mbona kama vina vumbi?" akaendelea zake. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, la mtu anayewaza mengine. Lakini Mama Mkwe hakulala vizuri. Yeye? Vumbi?

Kesho yake alikuja na kitambaa cha pamba, laini, cha kukata kwenye shuka yake ya harusi. Hakugusa kwa kidole. Alizungusha kitambaa ndani ya kila kisahani, mara moja, kama anavyopangusa uso wa mtoto mchanga. Na kila jioni alikileta nyumbani, akakifua, akakisuuza kwa ile dawa ya bluu ya kulainisha nguo, yenye harufu ya maua, ili kisije kikavikwaruza.

Alikitoa mkobani. Akakibandika puani. Kilinukia vizuri mno.

Akafungua pipa, akatafuta chini ya maganda ya vitunguu mpaka akakipata kile kisahani cha mashineni, ambacho maji yake yalishatandaa na kukauka. Akakidondoshea tena pembeni, tone likatandaa. Akakifuta, mara moja, kwa upole wake wote. Akadondosha.

Duara.

"Ewe Mola wangu," alisema. "Lile paja."

Binti yake aliingia, akamkuta ameketi sakafuni na kisahani mapajani.

"Mama! Presha?"

"Kaa hapa."

Alimweleza. Binti alisikiliza mdomo wazi, kisha akaenda kufunga mlango wa jikoni, akarudi akinong'ona.

"Nani anajua?"

"Mumeo."

"Amekwambia?"

"Ataniambiaje? Mimi mkwewe. Anatafuta bawaba ya kutengeneza huko nje, maskini, mlango mzima."

"Basi kama yeye amenyamaza, na wewe nyamaza! Acha tu kufuta. Visahani vitapona, watasema mashine imejirekebisha."

"Na yeye watakuwa wameshamfukuza."

"Atapata kwingine."

"Na yule mdogo wa mshonaji, anayeshinda kwenye kiti?"

Nje nyundo ya Fundi ililia mara mbili, ikanyamaza.

"Watakudhalilisha, Mama," alisema binti, na sasa sauti ilikuwa ya mtoto. "Wamekunusa ukiwa huna kosa. Ukiwa nalo?"

*

Alhamisi, saa nne, Fundi alisimama mbele ya meza ya Daktari Mkuu na kusema huenda ni mifuko. Miwani alikuwepo, na mtu wa utawala mwenye kalamu. Mtu wa utawala aliuliza kama mifuko imebadilishwa. Fundi akasema hapana. Akaulizwa basi kwa nini mifuko. Fundi akaweka funguo za nyumba mezani bila kuambiwa.

Mlango ukafunguliwa pasipo kubishwa.

"Mama Mkwe, tuna kikao," alisema Daktari Mkuu.

"Najua. Nimekuja na vyombo." Akaweka mezani visahani viwili alivyovichukua kwenye trei ya mwisho aliyoiacha Fundi, chupa ya maji, na kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Alipojaribu kuanza maneno aliyoyapanga tangu alfajiri, hayakuja. Kikaja kile alichokizoea.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," alijibu Miwani papo hapo, kisha akaziba mdomo, maana Daktari Mkuu alimgeukia.

"Nimekisafisha, nikakichafua."

Mtu wa utawala alishusha kalamu. "Mama, hapa si pahali pa..."

"Hamjui? Basi mlitakiwa mnipe mji. Sitaki mji wenu. Nataka mumrudishie mkwe wangu funguo zake."

"Mama, tafadhali, rudi nyumbani," alisema Fundi. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu amwoe binti yake.

"Wewe nyamaza, baba. Umeshanyamaza vya kutosha, sasa nyamaza kidogo tu tena."

Alidondosha maji kwenye kisahani cha kwanza. Yakatandaa. Akachukua cha pili, akakifuta kwa kitambaa, mara moja tu, kama alivyofuta mamia, akadondosha. Tone likasimama. Miwani aliinama mpaka pua ikakaribia meza. Alikinusa kile kitambaa.

"Dawa ya kulainisha nguo," alisema taratibu. "Inabandika mafuta. Tone la Fundi linapimwa kabla, kitambaa kinakuja baada. Ndiyo maana kitabu kilikuwa sahihi." Halafu akakishusha. "Mama Mkwe, mbona hukuniambia? Kila siku tuko pale kidirishani."

"Ningekwambia nini, mwanangu? Kwamba nafuta vyombo? Nani huwa anatangaza kwamba anafuta vyombo?"

Daktari Mkuu hakuwa ameinama. Alikuwa ameegemea kiti.

"Nani alikuagiza ufute?"

Mama Mkwe alimtazama yule mama mrefu na akaona kwenye macho yake kwamba anakumbuka. Au anaanza kukumbuka, na anaogopa kumaliza.

"Ulisema vina vumbi, Daktari. Hukusema nifute. Hiyo ya kufuta nilikuja nayo kutoka kwa mama yangu."

Kalamu ya utawala ilikuwa tayari juu ya karatasi. Daktari Mkuu aliitazama muda mrefu kabla ya kusema, "Andika yote mawili."

Kisha akazisukuma funguo zikarudi upande wa Fundi. Zilipofika ukingoni hazikuanguka, Fundi alizidaka. Kwa Mama Mkwe alisema kwamba kazi ya kufungasha itabidi aifanye mwingine, kuanzia leo, na kwamba anasikitika. Hakumnusa mikono. Aliitazama tu, akaangalia pembeni.

*

Walimkata mshonaji mara ya tatu Ijumaa. Visahani havikufutwa na mtu. Jumamosi asubuhi Mama Mkwe, asiyekuwa na kazi wala sababu, alikuja akakaa kwenye kiti cha plastiki, kiti kimoja mbali na mdogo wa mshonaji.

"Shangazi, leo huingii?"

"Siingii tena." Akashika mkoba kwa mikono miwili. "Nina neno, mwanangu. Na ukiisha kulisikia, fanya utakalo."

Akamwambia, akaomba radhi. Hakumwambia habari za vumbi. Alimwambia kitambaa, na kufua, na harufu ya maua, na mara mbili.

Yule dada hakupiga kelele. Alimfuata kwa macho mfagiaji aliyepita na ndoo, mpaka akaenda akarudi.

"Kitambaa," alisema.

"Kitambaa."

"Nipe nikione."

Mama Mkwe akakitoa. Mdogo wa mshonaji alikifungua magotini, akakisugua katikati ya vidole viwili, akakivuta nyuzi kuelekea pembe, kama alivyomwona dada yake akivuta vitambaa vya wateja maisha yake yote.

"Pamba nzuri," alisema. "Dada angeijua hata akiwa amefumba macho. Kwa mikono ile aliyokuwa nayo."

Mama Mkwe aliinamisha kichwa. Hakuomba radhi tena. Alishaomba, na aliona kuomba mara ya pili ni kumtwisha mwenzake kazi ya kujibu. Yule dada alikunywa maji kwenye chupa yake, tone likaanguka kwenye kiti kilichokuwa wazi kati yao.

Mlango wa chumba cha joto ukafunguka. Miwani alisimama, glavu mikononi, na kabla hajasema neno uso wake ulikuwa umeshasema.

"Zimeshika," akasema. "Njoo uone. Zimetandaa zote."

Mdogo wa mshonaji aliinuka kwa kasi mpaka kiti kikalia. Akapiga hatua tatu, akasimama, akageuka nusu. Midomo ilimcheza kama ya mtu anayetafuta neno, na Mama Mkwe alilisubiri, la namna yoyote. Halikuja. Yule dada akaingia ndani na kitambaa kingali mkononi mwake, mlango ukajifunga.

Kwenye kiti kitupu lile tone lilikuwa limejikunja duara, linang'aa. Mkono wa Mama Mkwe ukaenda mkobani kutafuta cha kulifutia, ukapapasa, ukakuta hakipo. Akaurudisha mapajani, akaliacha tone lilivyo.